Pampu ya Mawimbi Mawili

Maharage yalichemka juu ya meza, bila moto wala waya. Tabora nzima ilikuwa ikipika hivyo: mnara wa mjini ulirusha mawimbi ya mkondo geu, na kila chombo kilikuwa na kipokezi chake, yaani koili, waya uliozungushwa, na kapasita, kihifadhi chaji. Koili huvuta huku, kapasita huvuta kule. Likija wimbi la kasi wanayoipenda wote wawili, mivutano yao hufutana, na umeme huingia kama mgeni aliyekuta mlango wazi.

Kipokezi kimoja kilikaa kwenye mfuko wa fulana ya Mzee Maganga, kikiendesha pampu ya moyo wake. Na kesho saa sita mchana, mnara ungeongeza kasi ya mawimbi yake, na kipokezi hicho kisingeyapokea tena.

Mkewe Kalunde, fundi vipokezi wa miaka thelathini, alikitoa mfukoni. Pampu ikabaki na betri yake, ya saa mbili tu. Akaanza kupunguza mizunguko ya waya kwenye koili, mmoja mmoja, maana mizunguko ikipungua, koili huitikia wimbi la kasi zaidi.

"Bado mitano, Baba Mihayo," alimwambia mumewe.

"Na Sikonge?"

Kalunde aliendelea kufungua waya. Mnara wa Sikonge ulikuwa wa zamani na ungebaki na kasi ileile. Huko ndiko ilikokuwa mizinga ya nyuki ya Maganga, arobaini na mmoja.

"Utaletewa asali."

"Asali hata dukani ipo. Mimi nataka nyuki."

"Si wanakuuma?"

"Wananiuma kwa kunizoea."

Kalunde akaweka koleo chini. "Nikiongeza kikinzani cha kuzuia umeme kidogo, kipokezi hakitachagua sana mawimbi. Kitapokea huku na kule. Lakini nguvu itapungua. Kupanda miti basi. Utatembea kama kinyonga."

"Kwani sasa natembeaje?"

"Kama kinyonga aliyechelewa."

"Weka, mama."

Akarudisha mizunguko mitatu ili koili ikae katikati ya kasi zote mbili, akalehemu kikinzani kidogo kama punje ya mtama. Alipokirudisha kipokezi mfukoni, betri ilikuwa imebakiza dakika nane.

Kesho yake saa sita, pampu iliyumba mapigo mawili, kisha ikaendelea.

Wiki iliyofuata walifika Sikonge. Maganga alipumzika mara tatu kabla ya mzinga wa kwanza. Kalunde ndiye aliyepanda ngazi.

"Taratibu, unawaudhi," alisema Maganga kutoka kwenye kigoda.

"Njoo upande wewe."

Kikinzani kile kiligeuza sehemu ya umeme kuwa joto, hata fulana ikawa vuguvugu upande wa kushoto. Asubuhi ile ya Juni ilikuwa na baridi. Kalunde akashuka, akaketi upande huo.