Kuku Ishirini na Dirisha Lililoachwa Wazi

Ilarie Boca hakuwa na cheo, hakuwa na pingu, hakuwa na gari. Hakuwa na vidole viwili vya mkono wa kushoto, ambavyo farasi mmoja alivitafuna mwaka 1961, wala hakuwa tena na mke wa kumwambia apunguze sauti. Alichokuwa nacho ni miaka thelathini na minne ya kumbebea mkoba daktari wa mifugo wa wilaya, na hasira zake. Asubuhi ya Jumanne ile ya Januari 1997, saa mbili kasoro dakika ishirini, alifika na vyote viwili mlangoni mwa banda la Bibi Profira Crainic, juu kabisa ya kijiji cha milimani cha Poiana Rece.

Ndani walilala kuku kumi na tisa na jogoo mmoja. Wote walikuwa wamekufa.

Anghelina, mkwe wa Profira, ndiye aliyewakuta saa moja kamili alipopeleka maji ya moto. Sasa alisimama kwenye theluji bila kitambaa kichwani, na nyuma yake, kwenye kizingiti cha nyumba, gunia la nguo zake lilikuwa limekwisha kufungwa. Profira hakupoteza muda.

"Aliacha dirisha wazi," alisema bibi huyo. "Nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri, na yeye anawafungulia kuku dirisha. Mtu wa bondeni ni mtu wa bondeni. Hawezi kulala hapa leo."

Jambo halikuwa kuku tu. Kwa desturi ya milima ile, mtoto wa mwisho wa kiume hurithi nyumba ya wazazi na kuwatunza mpaka kaburini. Wakubwa hupewa kiwanja siku ya harusi, basi. Simion, wa mwisho wa Profira, aliangukiwa na mti msituni akafa, miaka miwili nyuma. Profira aliapa kwamba nyumba itamwendea mjane wake, Anghelina, na Alhamisi hiyo wangeteremka mjini kutia saini. Sasa hapakuwa na Alhamisi tena.

Ilarie alikuwa na sababu yake ya kukasirika. Kijiji kizima huziba mabanda kwa matambara na sufu majira ya baridi, kana kwamba kuku ni mtoto mchanga. Yeye ndiye aliyemfundisha Anghelina kuacha wazi kidirisha kilicho chini ya paa, juu ya fito za kulalia. Kuku ana blanketi lake mwilini. Kinachomwumiza ni unyevu wa pumzi na kinyesi chake, unaotua kwenye kilemba cha nyama kichwani na kuganda. Walimcheka. Sasa walisimama kwenye ua, tayari kucheka tena.

Aliinama akaingia. Dirisha lilikuwa wazi kweli. Kuku walikuwa wamedondoka chini ya fito, mabawa yametawanyika, manyoya yamelala bapa. Vilemba vyao vilikuwa vyekundu kama pilipili iliyoiva. Alikisugua kimoja, kidole gumba kikatoka cheusi. Alimwuliza Anghelina alipaka nini. Mafuta ya nguruwe, alijibu, ya kukinga vilemba na jalidi, kama kila jioni ya baridi kali, saa kumi na moja, na yalikuwa meupe. Ilarie akagusa sahani ya maji: barafu nyembamba kama ganda la kitunguu ikavunjika kwa ukucha. Nje, ndoo ya kisimani ilikuwa imeganda mpaka kitako. Katikati ya sakafu, nyasi kavu zilikuwa na duara lililobonyea, lenye majimaji. Alivua kamba ya kiatu, akalipima, akafunga fundo.

Hapakuwa na damu, kwa hiyo si mbweha wala kicheche. Watu walimtaja jirani Casian, aliyekuwa akimlaani jogoo yule kila alfajiri na aliyenunua sumu ya panya Jumamosi. Ilarie akavuka barabara. Casian alifungua mlango akitafuna ugali na jibini.

"Ningekuwa mimi, ningemuua jogoo tu," alisema. "Hao kuku wengine walikuwa wananilisha mayai, mzee. Na sumu, hii hapa, sijafungua hata karatasi."

Karatasi haikuwa imefunguliwa. Tena, sumu haiangushi ndege ishirini kwa pamoja kutoka kwenye fito. Ilarie alirudi akiwa na hasira zaidi, kwa sababu sasa alikwisha kujua.

Theluji ilikuwa imeanguka usiku, nene, mpaka saa kumi alfajiri. Ua wote ulikuwa mweupe, isipokuwa njia moja iliyofagiliwa kwa koleo kutoka lango la Toader, mtoto mkubwa wa Profira, kupitia bandani mpaka mlango wa mama yake; kama kulikuwa na nyayo, koleo lilikwenda nazo. Toader mwenyewe alikuwa ameegemea ua wa mbao, anavuta sigara.

"Nani amesafisha njia hii?"

"Mimi. Ni mama yangu, au kuna sheria?"

"Theluji inaanguka tangu Novemba, Toader. Leo ndiyo umegundua kwamba ni mama yako?"

Watu wawili watatu walicheka. Toader hakucheka. Ilarie akapita katikati ya lango bila kuomba ruhusa, akaingia kibanda chake cha kuni, akatoka na ndoo ya chuma ya kubebea makaa.

Saa tatu na nusu walikuwa jikoni kwa Profira, wanne tu pamoja na Anghelina na Toader, mlango umefungwa. Ilarie hakukaa.

"Kuku aliyekufa kwa baridi huwa amejikunyata, manyoya yamefura, kilemba kimekuwa cheusi kwa jalidi. Vya hawa ni vyekundu. Wekundu namna hiyo huletwa na hewa ya makaa ndani ya chumba kilichozibwa. Masizi yamenasa kwenye mafuta ya vilemba. Na kama dirisha lingekuwa wazi usiku kucha, maji ya sahani yangekuwa jiwe. Lilizibwa usiku, makaa yakawekwa ndani, likafunguliwa alfajiri, Dada Profira, baada ya kazi kwisha."

"Daktari wa kuku," alisema Toader. "Kila nyumba ina ndoo ya makaa."

Ilarie alizungusha kamba ya kiatu kwenye kitako cha ndoo. Fundo likakutana na ncha. Kisha akaigeuza. Nyasi na kinyesi cha kuku vilikuwa vimeokwa kwenye chuma.

"Wewe hufugi kuku. Mayai unakula ya mama yako. Hiki umekitoa wapi?"

Toader aliisukuma ndoo kando kwa kiatu.

"Paa hili nililiezeka na baba nikiwa na miaka kumi na minne," alisema, na sauti ikapanda. "Simion alikuwa kwenye mbeleko. Akapewa nyumba kwa sababu alichelewa kuzaliwa. Haya, desturi, nikanyamaza. Na sasa apewe huyu? Ni nani kwetu? Nilijua kijiji kitasema nini kikiona dirisha wazi. Sikulazimika kusema neno."

Profira aliketi. Akaanza kusema taratibu kwamba Toader ana watoto, kwamba kuku hununuliwa wengine, kwamba mambo ya nyumbani huishia nyumbani.

"Ulipodhani ni yeye," Ilarie alisema, akipiga meza kwa mkono wenye vidole vitatu, "ulitaka yatoke nje mpaka kanisani. Kijiji kizima kilikuwa uani kwako kabla jua halijatoka."

Akachomoa karatasi, akamwandikia mkuu wa polisi wa wilaya: siku, saa, duara, ndoo. Mwenye kuku ni Profira. Bila saini yake haikuwa barua. Alimsukumia kalamu. Bibi hakuishika.

Anghelina alikuja mpaka mezani.

"Mama, nimekuogesha miaka miwili. Leo hukuniuliza hata swali moja. Tia saini, au nateremka polisi mwenyewe sasa hivi. Sitangoja kufukuzwa mara ya pili."

Toader alisema, "Mama." Profira hakugeuka. Aliandika jina lake polepole, herufi moja moja, akiibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Saa tano Domnica wa posta alipita na farasi wake. Anghelina alilamba bahasha, akaifunga, akaikandamiza mezani kwa ngumi mbili, akatoka nayo bila koti. Domnica alisoma anwani, akamtazama Toader kwenye ua wa mbao, akauliza kama haiwezi kungoja Ijumaa.

"Leo," alisema Anghelina, akaitia mwenyewe ndani ya mkoba wa barua, akaukaza mkanda wake.