Mkono Uliokabidhi Mkasi

Asubuhi hiyo, msonobari mfupi wa mlangoni mwa kitalu ulikuwa umepunguzwa vizuri kuliko Fundi Nyoosha alivyouacha jana yake. Aliuzunguka akitafuta kasoro, maana mtu mwenye sifa za mkono hapendi kusaidiwa. Hakuiona. Majani yaliyokatwa yalikuwa yamekusanywa kando kwa unadhifu.

"Mke wangu, umeushika huu?"

"Niushike ili unifokee wiki nzima? Mimi na mti wako hatujuani!"

Fundi Nyoosha alikuza vichaka vya mapambo, vile vinavyobaki kijani mwaka mzima, na misonobari ya aina fupi isiyopita goti hata ikizeeka. Tabu ya misonobari hiyo ni kwamba mara nyingine tawi moja husahau asili yake, likaanza kukimbilia juu. Usipoliwahi likiwa changa, huumeza mti wote. Huu wa mlangoni alikuwa ameung'oa kwenye uwanja wa nyumba iliyohamwa, akaupanda chunguni. Wenyewe walikimbia bila kufunga milango, naye hakujisumbua kuuliza kilichowakimbiza.

Mwenye akili zake angeogopa mkono huo usioonekana. Yeye alifurahi! Jioni aliupaka mafuta mkasi mkubwa wa bustani, akaulaza kando ya chungu kwa mkono wake wa kulia, akacheka peke yake.

"Haya, mwenzangu, kazi hiyo hapo. Tuone."

Jini hangoji kukaribishwa mara mbili. Kulipokucha, safu nzima ya vichaka ilikuwa imekatwa, imenyooka kama ukuta uliopigwa lipu. Wateja wakamsifu, naye akazipokea sifa zisizo zake bila haya.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa ya utomvu, lakini ndani yake mlikuwa na kitu cha buchani. Adhuhuri, kitalu kikiwa kitupu, mkasi ulisikika ukifanya kazi chini ya wavu wa kivuli: krachi, krachi. Siku moja paka wa nyumbani alikutwa kando ya chungu, hana masikio, hana mkia, hana miguu, amekatwa akawa duara, na bado alikuwa anapumua.

Mama mkwe alikuja kuwatembelea. Alikuwa hasemi bila kidole. Alisimama mbele ya msonobari, akamnyooshea mkwewe kidole cha shahada.

"Wewe baba, mti huu unanuka uchuro. Utoe kabla—"

Krachi. Kidole kikaanguka mchangani. Bibi wa watu alikitazama kwanza, kana kwamba ni cha mtu mwingine, ndipo akapiga yowe.

Siku hiyohiyo, mkewe akiwa amempeleka mama yake kwa daktari, Fundi Nyoosha alimkuta binti yao karibu na mlango. Walimwita Njiti kwa wembamba na urefu wake. Magauni yalimpungukia kabla hayajachakaa. Nywele za utosini zilikuwa zimekatwa bapa, na uzi wa damu ulimteremka kwenye paji la uso.

"Ananipima, baba," alinong'ona.

"Nani?"

"Mwenye mkasi. Anasema nakimbilia juu."

Fundi Nyoosha alimnyakua mtoto akakimbia naye hadi kwa mganga, mwanamke mkavu wa maneno, aliyemsikiliza huku akipepeta mtama.

"Jini huyu hakukuvamia. Umemwajiri," mganga alisema. "Na mwajiriwa haondoki mpaka aachishwe. Mkono uliomkabidhi mkasi ndio mkataba wake. Uuweke mbele yake, umwambie kazi imekwisha, auchukue aende. Atakata kwenye ukuni mkavu, na wewe fundi unajua ukuni mkavu hauchipui; mkono hautaota tena. Usipompa, atamchukua mtoto. Ni mkono gani?"

Mkono wake wa kulia ulikuwa mezani. Fundi Nyoosha aliutazama. Ndio uliomlisha, ndio uliompa jina mjini. Moyo ukamwambia, jini naye atajuaje?

"Wa kushoto," akasema.

Alasiri mkewe, aliyerudi akimwacha mama yake kwa daktari, alijifungia chumbani na Njiti, akamkumbatia kitandani, madirisha yamekazwa. Fundi Nyoosha alipiga magoti kitaluni, akaweka mkono wa kushoto juu ya ukingo wa chungu.

"Kazi yako imekwisha. Chukua uende."

Mkasi ukainuka wenyewe. Haukufanya haraka, ulianza na kidole kidogo, ukapanda kimoja kimoja kama unavyosafisha tawi, naye akalia na kutapika na kumwita mama yake aliyekufa zamani, mpaka kiganja kikaanguka na mfupa ukabaki mweupe. Mkasi ukatoweka. Aliifunga damu kwa kamba ya wavu, akivuta kwa meno, akacheka na machozi yakimtoka, maana wa kulia alikuwa nao.

Ndipo aliposikia krachi kutoka chumbani, na sauti ya Njiti ikipanda juu ya kila sauti aliyowahi kuisikia, na mkewe akipiga mayowe kwamba hakuna mtu humu, hakuna mtu, lakini sikio la mtoto liko sakafuni, na mkasi unarudi, unarudi tena, unamshika shingoni!

"Huu hapa!" Fundi Nyoosha aliupigiza mkono wa kulia chunguni. "Huu ndio! Mwache mwanangu! Kazi imekwisha!"

Mkasi ukamrudia, na safari hii haukuchagua kidole. Ulikata mara moja. Chungu kikapasuka, msonobari ukanyauka pale pale hadi kwenye shina, na ile harufu ikakatika kana kwamba mlango umefungwa.

Mkewe alitoka mbio na mtoto begani, amelowa damu. Alipoona mikono ya mumewe alimweka Njiti chini, akararua kanga yake, akaanza kumfunga huku akilia.

"Umempa yote miwili, mume wangu. Umempa yote kwa ajili ya mtoto."

Njiti alikuwa ameshika pale palipokuwa na sikio. Alikuwa ameacha kulia.

"Baba," alisema, "ameniambia ulimpa mkono usio wake. Ndiyo maana amekuja kwangu."

Mkewe alikuwa bado hajafunga fundo. Aliiachia kanga, akamtazama mumewe.