Sauti Iliyotangulia Mdomo

Msoma habari alizoea kuisikia sauti yake kwenye spika za masikioni anaposoma. Jumatatu ile ilimfikia kabla hajafumbua mdomo. "Habari za saa saba," ikasema, naye akaifuata nyuma, "Habari za saa saba," kama mtoto anayefundishwa kuhesabu.

"Fundi, mitambo yako inachelewesha sauti?"

"Ingechelewesha si ungejisikia baadaye, dada? Wewe unajisikia kabla!" Fundi mitambo akacheka, kisha akaacha kucheka. Studio ilinuka nywele zilizoungua.

Daktari wa masikio alimweleza vizuri, msomi wa watu: ubongo hulijua neno kabla ya mdomo, ukaitarajia sauti yako na kuipunguza makali ili usijishtue mwenyewe. "Wako umesahau kukutambua. Pumzika." Akampa vidonge. Jumatano, akimsuka binti yake nyumbani, masikioni hana kitu, sauti ikamtangulia tena: "Tulia, mwanangu."

Mbio hadi kwa shangazi yake, mtoa majini. Shangazi akanong'ona, "Hilo linaonja maneno yako kabla hujayatamka. Linyime. Siku saba usitamke hata 'ah'. Likikosa cha kuonja litaondoka."

"Na nikisahau?"

"Nyamaza, mwanangu. Anza sasa."

Akaomba likizo. Binti, miaka mitano, alimvuta nguo kutwa: "Mama, nijibu basi." Alimkumbatia wakalia wote, yeye bila sauti. Kazi angepata nyingine. Alichokuwa akipigania ni kumwita mtoto wake kwa sauti yake mwenyewe. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, ila shangazi hakulikumbuka hilo.

Siku ya saba, saa saba mchana, alikuwa jikoni akikata vitunguu na kuhesabu kimoyomoyo saa zilizobaki, mara ile harufu ya nywele zilizoungua ikavishinda vitunguu, na redio ya sebuleni ambayo hakuna aliyeigusa ikajiwasha, na sauti yake, laini, isiyokwama hata kwenye nukta, ikaanza kusoma habari, na binti akapiga makofi akipaza sauti, "Mama huyo! Mama anaongea!"

Kisu kikamdondoka. Alikimbilia sebuleni, masharti yote yamemtoka akilini, akafumbua mdomo amwite mwanawe.

"Njoo kwangu, mwanangu," redio ikatangulia.

Mdomo wake ulibaki wazi, hautoi kitu. Alijaribu tena, na tena. Binti akamtazama yule mwanamke aliyekodoa macho mlangoni, akaogopa, akaenda kuikumbatia redio.