Taa za Kumfikisha Mama Msalani

Fundi cherehani wetu hana mchezo na kitambaa. Lakini kazi ikiisha, husukuma mkasi pembeni, akaanza kuchezea nyaya na vitaa. Mkewe alishazoea. Kila mtu na ugonjwa wake, husema.

Safari hii haukuwa mchezo. Mama yake mzazi alikuwa ameanguka kwenye korido akienda msalani. Macho yake yamepungua nguvu. Taa ya korido ikiwashwa ghafla inamuumiza, hajui akanyage wapi. Kaka mkubwa akapiga simu: Jumapili anakuja kumchukua mama akaishi kwake. Mama alilia. Nyumba hii ndiyo aliyolelea watoto wake, hakutaka kuiacha.

Basi fundi akaunda saketi ya taa zinazofuatana. Mama akibonyeza kitufe kitandani, inawaka taa ya kwanza, kisha ya pili, hadi mlango wa choo. Chipu moja ndogo ndiyo iliyopanga zamu. Vitaa vidogo viliwaka vizuri, ila mama hakuviona.

Akafunga taa kubwa zaidi, za betri ya pikipiki. Chipu ikafa. Fundi akawaza kifundi cherehani: nguo nzito hushonwa kwa uzi mnene. Akang'oa nyaya zote, akaweka nene. Chipu ya pili ikatoa moshi. Ilikuwa Jumamosi, na roho ilimuuma kweli.

Mkewe akamwita jirani yao, mama mmoja anayetengeneza redio. Jirani akatazama, akaguna.

"Shemeji, nyaya hazina kosa. Umemtwisha msimamizi gunia. Kazi ya chipu ni kuamrisha, haibebi mzigo."

"Sasa abebe nani?"

"Betri. Katikati weka transista, moja kwa kila taa. Chipu inaipa umeme kidogo tu kupitia rezista, kile kipunguza umeme. Nayo inafungua njia, umeme mwingi wa betri upite kwenye taa."

Akamfundisha kuchagua transista inayomudu umeme mwingi kuliko unaotumiwa na taa. Hasi ya chipu waliiunganisha na hasi ya betri. Karibu na betri wakaweka fyuzi, ili nyaya zikigusana, ikatike yenyewe kabla ya moto. Kuhusu umeme wa ukutani, jirani hakutania: huo usiguswe, una fundi wake.

Wakawasha. Taa zikafuatana, kubwa, za kuonekana. Fundi akagusa chipu kwa kidole. Haikuwa na joto lolote.

Jumapili kaka alifika giza likianza kuingia. Mizigo ya mama haikuwa imefungwa. Mama hakubishana naye. Alibonyeza kitufe, akashika ukuta, akaenda taratibu, taa zikimpokea moja baada ya nyingine. Kaka alimfuata kwa macho. Sauti ya mama ikatoka mlangoni mwa choo:

"Nimefika, mwanangu. Mwambie mkeo asinitandikie kitanda."