Kijiti na Mbegu za Damu

Mimi ni fundi wa makochi. Watu huniita Kijiti kwa sababu ya wembamba wangu. Sijali. Mtu mwembamba hali nafasi karakanani.

Karakana yenyewe ni chumba kimoja. Upande wa dirisha anakaa dada yangu na cherehani yake. Anashona sare za shule. Upande wa mlango nipo mimi na sponji zangu. Katikati kuna mstari wa chaki. Dada aliuchora kwa mkono wake, maana anasema vumbi langu linachafua mashati yake meupe. Nikiuvuka, nasomewa risala.

Mwaka ule Dada alianza kuchoka kabla hata ya saa nne asubuhi. Homa haziishi. Miguuni ana alama za bluu kama mtu aliyegongwa, na hakugongwa. Akipiga mswaki, fizi zinatoka damu.

"Ni uchovu tu," alisema.

"Ni homa ya kawaida," alisema Mama.

"Ni ubishi unamtoka," nilisema mimi. Mungu anisamehe.

Tulimnywesha dawa, tukamchua, tukangoja. Tulikosea kungoja. Siku alipoanguka juu ya cherehani, tulimkimbiza hospitali, na vipimo vikasema ni saratani ya damu. Akalazwa, akaanza dawa.

Kumbe mtu wa kutusaidia alikuwa mteja wangu. Ni mama mmoja wa ghorofa ya juu ya jengo letu, mtafiti wa hospitali ile ile. Alikuwa ameniletea kiti chake cha kazini nikibadilishie sponji.

"Shikamoo, Daktari," nilimwambia alipokuja kukichukua. "Kiti hiki unakikalia au unakipiga?"

"Marahaba. Nakikalia, mdogo wangu. Miaka ishirini na sita. Mbele yangu kuna hadubini, ile mashine ya kukuzia vitu vidogo. Naangalia damu za watu."

"Miaka ishirini na sita damu tu? Hujaimaliza?"

Akacheka. "Nilipoanza, wagonjwa wa saratani ya damu walikufa karibu wote. Jumatatu naiona damu ya mtu, Ijumaa naambiwa mwenyewe hayupo. Niliumia sana. Nikaenda kusoma mbali, nikarudi, tukaanza kupandikiza seli shina. Mgonjwa wetu wa kwanza hakupona. Wa pili hakupona. Wa tatu sasa ana wajukuu."

Niliweka nyundo chini. "Seli shina ndiyo nini?"

"Ndani ya mifupa kuna uboho. Humo ndimo damu inapotengenezwa. Seli shina ni mbegu za damu. Zinazaa damu yote mwilini. Damu ya dada yako nimeiangalia mimi, na ameniruhusu niseme nanyi. Uboho wake unatoa seli mbovu, na hizo zinazibana zilizo nzima. Dawa za kwanza zimesaidia, lakini peke yake hazitatosha. Atahitaji dawa kali zaidi. Hizo zitaua mbovu, na zitaua mbegu zake pia. Kwa hiyo anahitaji mbegu za mtu mwingine. Tunaanza kutafuta kwa ndugu."

Mama aliitisha kikao cha familia. Kilichukua dakika tatu.

"Mkubwa jalala," alisema. "Atatoa Lori."

Lori ni kaka yetu mkubwa. Ana kilo mia na kumi. Alitoa kifua mbele, akaanza kujiandaa. Wiki nzima alikula maini na mayai. Kila aliyekutana naye kwenye ngazi aliambiwa, "Naenda kuokoa ukoo." Mimi nilishukuru moyoni. Naogopa sindano kuliko ninavyomwogopa Mama.

Daktari alipotuona hospitalini, alitikisa kichwa. "Hapa Mama hachagui, wala kilo hazihesabiwi. Kila seli ina alama zake. Nusu tunarithi kwa baba, nusu kwa mama. Kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa na mgonjwa. Tutawapima wote wawili."

"Hata huyu?" Lori alininyooshea kidole.

"Hata huyo."

Tulisuguliwa pamba ndani ya shavu, basi. Majibu yalipokuja, Lori alilingana nusu. Mimi nililingana kamili.

"Haiwezekani!" Lori alifoka. "Na maini yote yale?"

"Daktari, pima tena," Mama alisihi. "Huyu hata mtungi wa gesi unamshinda."

Dada alicheka kitandani mpaka akakohoa. "Yaani katika watu wote duniani, ni huyu?"

Mimi sikucheka. Kinyozi wangu alikuwa ameniambia kwamba hao watu hupasua uti wa mgongo, wakachota uboho kwa kijiko. Nikamwamini. Kinyozi ameshika wembe shingoni mwako, utambishia nini?

Basi nikaanza visingizio. Leo nina oda ya haraka. Kesho tumbo. Ijumaa nilimwona Daktari akija. Nikajitosa ndani ya fremu ya kochi, nikajifunika kitambaa na sponji. Daktari aliingia, akatazama huku na huku, kisha akakaa. Juu yangu.

"Kochi lako linapumua," alisema.

Nikabana pumzi.

"Usitoke. Nisikilize ukiwa humo humo. Hatupasui mgongo. Utachomwa sindano ndogo siku chache, ili mbegu zitoke kwenye mifupa ziingie kwenye damu. Kisha utalala kitandani. Damu itatoka mkono mmoja, mashine ichuje mbegu, damu irudi mkono wa pili. Inachukua saa nne au tano. Siku hiyo hiyo unarudi nyumbani."

Alijiweka sawa juu yangu. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Jumatatu dada yako anaanza dawa kali. Zikishaingia, mbegu zake zimekwisha. Ukikimbia hapo, hatakuwa na zake wala zako, na atakufa. Mgonjwa wangu wa pili alikufa hivyo. Kaka yake alipanda basi. Kukataa ni haki yako, mdogo wangu, wala sitakulaumu. Lakini kataa leo."

Nilitoka na sponji kichwani. Nilikuwa nimeona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

"Uti wa mgongo hauguswi?"

"Hauguswi."

"Nguvu za kiume?"

"Utazikuta pale pale ulipoziacha."

"Mbegu zangu zikiisha?"

"Mwili unatengeneza nyingine ndani ya wiki chache."

"Basi nitakuja," nilisema. "Ila usimwambie Dada habari ya kochi."

"Ameshaniambia kwamba ndimo unamojificha. Tangu utoto."

Zile sindano ziliniletea maumivu ya mifupa. Siku ya tatu nikaanza kumwagiza Mama juu ya mazishi. Daktari akasema ni mifupa inafanya kazi, nimeze dawa ya maumivu, niache kusumbua watu. Siku ya mashine nililala mikono yote miwili imenyooshwa, na pua ikaanza kuwasha. Lori akaketi kando yangu kwa saa nne nzima, akinikuna. Hakulalamika hata mara moja.

Mfuko uliotoka ulikuwa mdogo, rangi ya supu ya nyanya. Ulitundikwa juu ya kitanda cha Dada, ukatiririka mshipani mwake kama damu yoyote ya hospitali.

"Ndiyo hivyo tu?" Mama aliuliza.

"Ndiyo hivyo tu. Sasa zinajitafutia njia mpaka kwenye mifupa. Kazi ngumu ni kungoja."

Tulingoja. Dada alikaa chumba cha peke yake. Tulimwona kupitia kioo, hana nywele, hana nguvu hata ya kunitukana. Siku ya tisa, seli nyeupe za kuonyesha kwamba mbegu zimeota, hakuna. Siku ya kumi na mbili, hakuna.

Siku ya kumi na sita Daktari aliniita chumbani kwake. Akanisukuma mbele ya hadubini.

"Unaona nini?"

"Vitu vya zambarau. Vichache."

"Ni seli nyeupe za damu ya dada yako. Jana hazikuwepo. Zimetoka kwenye mbegu zako."

Nilizihesabu. Zilikuwa saba. Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi. Daktari naye akavua miwani, akaifuta.

"Miaka yote hii," alisema, "na bado sijazoea."

Safari haikuishia pale. Dada alipata vipele, akameza dawa kila siku, akaepuka watu wenye mafua. Karibu mwaka mzima ulipita kabla hajarudi kwenye cherehani. Daktari anasema si wote wanaopona, lakini dalili kama zile za mwanzo zikionekana, mtu asikae nyumbani. Lori naye amejiandikisha kuwapa mbegu zake wagonjwa wasio ndugu zake. Anasema haiwezekani maini yale yapotee bure.

Juzi nilimuuliza Dada, "Hivi wewe, mbona hujawahi kuniambia asante?"

Alisimamisha cherehani.

"Asante huambiwa mtu baki," alisema. "Wewe nikushukuruje, na damu yote iliyo ndani yangu ni wewe?"

Nikainama, nikaendelea kupigilia misumari.