Kigoda cha Mlangoni

Mtoto wa Lenah alikuwa akilia kwa siku ya tatu, na mama mkwe akaona huo ndio wakati mzuri wa kumtuma maji.

"Mtungi imekauka na wewe umekaa tu? Ama kule Kitale maji huwa inakuja yenyewe?"

Tangu mumewe, Khisa, amlete kijijini Matulo kisha arudi zake kwenye stoo ya mahindi kule Moi's Bridge, Lenah alikuwa amejifunza kumeza maneno, na Mama Khisa hakuishiwa na ya kumlisha. Akamlaza binti yake, akachukua mtungi, akashuka chemchemini. Jua lilikuwa linazama nyuma ya migomba.

Kilio hakikumtisha sana. Kilichomtisha ni kwamba mtoto hanyonyi. Alikuwa na wiki mbili duniani, na midomo ilianza kukauka. Kwenye dispensari walimpima, wakasema hawaoni ugonjwa. Mama Khisa alikuwa na jibu lake: mtoto anatafuta jina. Wabukusu wa rika lake walijua dawa ya kilio hicho. Unamwitia mtoto majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, na lile atakalonyamazia ndilo lake. Jioni hiyo hiyo yangeitwa.

Chemchemini vyura walikuwa kimya.

Kisha ikaja harufu... mavi ya popo, unyevu wa pango.

Mwanamke alikuwa ameketi juu ya jiwe. Bangili za shaba zilimfika kwenye kiwiko, lakini vazi lake lilikuwa na viraka, vimeshonwa kwa uangalifu mkubwa. Lenah akasema, "Habari ya jioni, mama."

"Usinisalimie kama jirani yako."

Kiswahili chake kilikuwa safi, cha redioni.

"Mimi ni mke wa mdogo wake mtawala wa chini ya Mlima Elgon," akasema. "Nyumba ya saba, ya mwisho. Nina watumishi wawili. Mmoja ni kipofu, na mwingine huwatii wake wenzangu kwanza. Chakula hunifikia kimepoa. Barazani tunaketi kwa cheo, na kigoda changu kiko mlangoni. Baridi yote hunipitia mimi. Nyuma yangu hakuna mtu."

Lenah akaukumbatia mtungi. "Unataka nini?"

"Mtoto wa huku juu akipewa jina la mmoja wetu, mwenye jina husogezwa mbele. Langu halijatajwa tangu kabla ya reli."

"Wangu ataitwa Joy."

"Joy gani aliyekufa?"

Akacheka kidogo. Kisha akainuka, akamnong'onezea jina lake sikioni. Mimi nalijua jina hilo, lakini siliandiki hapa. Nina wajukuu.

"Atanyamazia hilo. Akishakuwa na jina langu nitakuja kumwona kila jioni, na akikua nitamchukua anitumikie. Usipolisema, utamzika Jumapili."

Lenah hakukumbuka alivyopanda kile kilima. Mtungi aliuacha huko.

Nyumbani Mama Khisa alikuwa amempakata mtoto, anaita. "Nasimiyu! ... Nekesa! ... Nafula! ..." Baada ya kila jina alinyamaza, akasikiliza. Mtoto alilia tu, sauti imekuwa nyembamba, ya kitu kinachoisha.

"Zetu zimeisha," Mama Khisa akasema. "Rete zenu. Ama kwenu watu hawakufangi?"

"Mama, siyajui. Mama yangu hakuniambia."

"Ata moja? Khisa alioa nini, bana!"

Lenah akamchukua mtoto. Harufu ya popo ikaingia dirishani. Lile jina lilikuwa limemjaa kinywani, linataka kutoka lenyewe. Mtoto akashusha pumzi... akakaa... akakaa bila kuvuta nyingine.

Alimpenda huyu mtoto kuliko uhai wake. Akamwekea midomo sikioni, akataja jina pekee alilokuwa na haki nalo.

"Lenah."

Kimya.

Mtoto akavuta pumzi, akatafuta titi, akanyonya kwa pupa. Lenah akalia kwa furaha.

"Umesema nini?" Mama Khisa alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani.

"Si ananyonya, mama! Angalia!"

"Hapa tunaitanga wafu. Wafu peke yao."

"Lakini mimi ni mzima. Mama, niangalie."

Mama Khisa hakumwangalia. Alingoja mtoto ashibe na kusinzia, kisha akamnyakua mikononi mwake na kusema huku ametazama sakafu, "Toka kwa nyumba yangu. Toka kabla sijapiga nduru."

Akamsukuma nje kwa kiwiko. Nje kulikuwa bado na mwanga kidogo. Yule mwanamke alisimama kando ya ghala la mahindi, mikono ameikunja.

"Umemkosa!" Lenah akamfokea. "Hakuchukua jina lako!"

"Sijakosa kitu. Umetajwa pamoja na wafu, nao wamesikia. Lazima sasa uwe na pa kuketi. Na wewe ni mtu wa kuja, huna ukoo huku, kwa hiyo utaketi mlangoni."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Nimengoja sana kupata mtu wa kukaa nyuma yangu."

Lenah akaukimbilia mlango wa nyumba. Mle ndani mama mkwe alikuwa akimbembeleza mtoto, na sauti ilikuwa laini, ya upendo ambao Lenah hakuwahi kuonjeshwa hata siku moja katika boma lile.

"Lenah... Lenah wangu... lala, mama..."

"Bee," Lenah akaitika. "Mama, niko hapa."

Wimbo ukakatika. Kisha komeo likasukumwa, mlango ukafungwa kwa ndani.