Mguu Unaotafuna

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo tu. Tk. Kama mtu anayekata uzi kwa meno.

Fundi cherehani aliondoa mguu kwenye pedali, akatega sikio. Jua la saa sita lilikuwa linachoma bati, nyumba kimya. Tk. Mlio ulitoka ndani ya muundi wake wa kulia, pale daktari alipokaza skrubu wiki tatu nyuma.

"We Radi," alimwita mdogo wake aliyekuwa anafakamia chakula. "Mguu wangu unatafuna."

"Hata mimi natafuna, dada. Uambie usubiri zamu yake."

"Sitanii, mshenzi wewe! Njoo usikilize."

Radi ni jina alilojipa mwenyewe, na ukilisahau anakukumbusha. Alifanya kazi maabara, na ukimsikiliza ungedhani maabara aliijenga yeye. Pale walikuwa wanajaribu skrubu za magnesiamu. Skrubu ya chuma ukiwekewa, mfupa ukiunga unapasuliwa tena itolewe. Ya magnesiamu inayeyukia mwilini mpaka inakwisha. Inapoyeyuka hutoa vipovu vya gesi, na seli za kinga, wale askari wa damu, hukimbilia pale wamefura. Wakishamzoea mgeni hutulia, husafisha mabaki yake, na mfupa unajijenga kwa amani.

Ila vipovu vya mwanzo ni vikali. Ndiyo maana kila skrubu hulowekwa siku tatu kwenye chupa ya maji ya chumvi kabla ya kwenda hospitali. Kuloweka ndiyo ilikuwa kazi ya Radi. Skrubu ya dada yake, dada aliyemlea tangu mama yao afariki, aliiloweka saa moja. Daktari alikuwa anasubiri, na Radi alishatamba kwamba hakuna wa kumzidi kasi. Kwenye daftari akaandika siku tatu.

Akaweka sikio kwenye muundi. Ngozi ilikuwa ya moto, na ilinuka kiberiti kilichozimwa kwenye damu. Tk, tk, tk. Halafu kitu kikapanda chini ya ngozi, uvimbe wa saizi ya kifungo, mpaka gotini, kikageuka, kikashuka.

"Gesi tu hiyo," alisema. "Vile vidonge vya uvimbe nilivyokupa unameza?"

Dada yake alimshika sikio akambamiza uso kwenye cherehani. Mara ya kwanza pua ilivunjika. Mara ya pili sindano ilimchana shavu. Dada mwenyewe alikuwa analia, anasema, "Siyo mimi, mdogo wangu, kimbia, mkono haunisikii!"

Alikimbia, ndiyo. Radi mzima, na kiatu kimoja.

Kesho yake alirudi dada amelala, akamtoa damu, akaipeleka kwa mkuu wake wa maabara, mama mmoja wa makamo aliyeitwa Bibi Hadubini kwa sababu jicho lake halikubanduka kwenye hadubini. Zile seli za kinga walizimwaga kwenye kisahani chenye kipande kilichobaki cha magnesiamu ileile. Bibi Hadubini akachungulia, akarekebisha lenzi, akachungulia tena.

"Askari wanararuana wenyewe kwa wenyewe," alinong'ona. "Hii ililowekwa siku ngapi?"

"Tatu."

"Radi."

"Saa moja."

Kibao alichopigwa kilirudisha pua mahali pake.

"Babu yangu alikuwa mganga, anafunga majini ndani ya vyuma," alisema Bibi Hadubini. "Kwa nini vyuma? Kwa sababu haviyeyuki. Sisi wajanja tumetengeneza kinachoyeyuka, jini anatoka! Unadhani zile chupa za kulowekea nazimwaga? Naziziba, nazizika. Nimesikia kinacholia humo."

"Shikamoo," alisema Radi, pua ameishika kwa mikono miwili.

"Marahaba, mpumbavu. Na vidonge vya uvimbe je, anameza?"

"Asubuhi na jioni."

"Umewalewesha askari ukamfungulia mwizi mlango. Kuanzia leo hamezi hata kimoja."

Kwenye kisahani zilibaki seli chache hai, zilizoizunguka magnesiamu na kugoma kurudi nyuma. Bibi Hadubini akazivuta kwenye bomba la sindano. "Hizi zimeshamuonja. Zitawaonyesha wenzao."

Siku ya tatu bila vidonge homa ilikuwa imepanda mpaka shuka linatoa mvuke. Waliingia saa sita mchana. Bibi Hadubini alipochoma zile seli muundini mguu uliumuka, ukawa mweusi, na dada akafungua mdomo ikatoka sauti ya kitu kizito kinachoburutwa juu ya mfupa, "Nyumba yangu hii, nimeila mwenyewe," kisha akachomoa mkasi wa kukatia vitambaa chini ya mto, akauzamisha kwenye mguu wake mwenyewe mpaka kwenye mpini, akauchomoa, akaupitisha kwenye kiganja cha Radi na kukipigilia kwenye fremu ya kitanda, na Radi akiwa pale amening'inia anapiga mayowe, ukuta umerukiwa damu, Bibi Hadubini amekalia ule mguu kama anamchinja mbuzi, akaingiza sindano nene kwenye uvimbe, mrija wake ukiwa ndani ya chupa ya maji ya chumvi, na vipovu vikaanza kutoka, vyeusi, vinagombania njia, kila kimoja kikipasuka kwa kilio chake, mpaka chupa ikatetemeka mkononi mwake na akaikandamizia kizibo kwa meno.

Uvimbe ukanywea.

"Maji," dada alisema, kwa sauti yake. Homa ilishaanza kushuka.

"Dada, nisamehe," alisema Radi.

"Kwanza nitolee mkasi wangu hapo. Utaharibika makali."

Mwezi haujaisha, fundi cherehani alikuwa anakanyaga pedali kama zamani. Na Radi? Yuko kibarazani, mkono una bendeji, anawasimulia majirani jinsi alivyomkamata jini kwa mkono mmoja. Bibi Hadubini hayumo kwenye hadithi.

"Na mkono wenyewe hauumi?" jirani aliuliza.

"Mimi? Ulivimba kidogo tu." Radi alitoa kikopo mfukoni, akajirushia viwili mdomoni. "Dada aliacha vidonge vyake vya uvimbe. Namalizia, asubuhi na jioni. Kwa nini vitupwe?"

Majirani walicheka. Ndani, cherehani ilisimama ghafla.

"Radi," dada aliita polepole. "Ni wewe unayekata uzi kwa meno hapo nje?"